Tulivyonusurika Kumpoteza Kipusa

Nyumbani kwa Fundi Friji,
Mtaa wa Nyuma ya Shule.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako, na kwa mama mkwe ambaye bado yuko kwetu. Hujambo wewe? Na shemeji, hajambo? Kile kiuno chako kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi, kimekubali dawa au bado kimekununia? Watoto nasikia wameshakuwa wakubwa, yule wa mwisho anakupita kimo. Mungu awakuze, wasiishie kukupita kimo tu, wakuzidi na bahati.

Sisi huku wazima. Neno hilo "wazima" naliandika polepole, Dada, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki. Kipusa yuko hai. Yuko nyumbani, amejilaza kwenye kochi na miguu ameipandisha juu kama bwana harusi. Nimeanza na hilo ili usisome barua hii roho ikiwa mkononi. Inatosha iwe mkononi mwangu mimi.

Najua umekasirika kwamba kwenye simu sikukueleza. Lakini kila ukipiga, ukisema tu "mdogo wangu," mimi nalia. Wewe nawe unalia. Tunalia mpaka simu inakatika, na hakuna aliyeambiwa kitu. Basi ngoja niandike, labda kwenye karatasi nitafika mwisho.

Ilianza kama mafua. Homa kidogo, kichwa kinauma, akakaa nyumbani akinywa uji na kudeka. Mafua yakaisha. Usingizi ndio haukurudi. Asubuhi naingia chumbani namkuta ameketi kitandani vilevile nilivyomwacha, macho makavu, anatazama ukuta. Nikimuuliza kama amelala, ananijibu, "Nitalala wakati gani na watu wote hawa?" Na chumbani hakuna mtu ila mdogo wake anayekoroma.

Nikasema ni ndoto. Watoto wa miaka tisa wana mambo yao.

Halafu mwalimu wake akaniita shuleni. Kipusa, ambaye mwandiko wake ulikuwa unabandikwa ukutani wenzake wauone, sasa akinakili ubaoni anakwama katikati ya neno, kalamu imesimama. Anacheka darasani wakati hakuna kichekesho. Na siku ile alikuwa amemwambia mwalimu mbele ya wote, "Wewe si mwalimu wetu. Umevaa sura yake tu." Mwalimu alidhani anadharauliwa. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Nikaomba radhi, nikamchukua mtoto, nikaenda naye saluni ili awe machoni pangu nikisuka.

Mchana ule nilikuwa na mteja kitini, mama mmoja mcheshi ambaye humsemesha kila mtu. Kipusa alikuwa kwenye stuli akichezea chanuo. Mara akaanza kucheka peke yake, na mteja naye akacheka, akadhani ni mzaha. Kisha Kipusa akaukamata mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akauinua juu kama mtu aliyeokota kitu, akaniambia, "Mama, huu mkono si wangu. Mwambie mwenyewe aje auchukue."

Hakuna aliyecheka tena. Yule mteja aliondoka na kichwa nusu.

Mama mkwe alikuja kesho yake, hakuvua hata viatu. Alimtazama mjukuu wake, akasema, "Huyu kachezewa." Akataka tumpeleke anakokujua yeye. Jirani akasema kichaa kinaweza kumwanza mtu akiwa mdogo, tusione aibu. Na baba yake? Unamjua shemeji yako, akiogopa husikiliza mashine. Alikaa jikoni akisikiliza friji letu, ambalo halina ubaya wowote.

Zahanati walimpima malaria, hana. Wakampima mkojo, safi. Wakatupa dawa ya kumtuliza, wakatuelekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili. Niliogopa kwenda, Dada. Niliona nikivuka ule mlango mwanangu ameshapewa jina na halitamtoka. Lakini daktari yule, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alizungumza naye kidogo, akamwambia ashike kalamu, akamtazama midomo, kisha akatugeukia. "Mtoto wa umri huu halali mzima akaamka hivi," akasema. "Hiki kitu kimeingia mbio mno. Mpelekeni hospitali kuu leo hii, wamwangalie ubongo."

Tulikuwa bado kwenye ukumbi wake wa kungojea, baba yake anatafuta teksi, Kipusa alipokakamaa mikononi mwangu. Degedege. Nimewahi kuiona kwa watoto wa wenzangu wenye homa kali, lakini huyu hakuwa na homa. Macho yaligeuka, povu likatoka, na mwili wake ukapata nguvu ambayo si ya mtoto. Nilimwita jina lake, lile la kweli, sio Kipusa. Hakuwepo wa kuitika.

Hospitali walituingiza moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi. Ni chumba kirefu chenye ukuta wa kioo, kila kitanda na mashine zake, na ubaridi ambao baba yake alisema mara moja kwamba umezidi. Walishuku homa ya uti wa mgongo, wakamwanzishia dawa za kuua vijidudu bila kungoja. Wakamlaza ubavu, wakamkunja, wakamdunga sindano mgongoni, wakatoa yale maji ya uti wa mgongo. Wakampiga picha ya kichwa. Majibu yakaanza kurudi: picha safi. Damu safi. Kwenye yale maji, chembe nyeupe zimezidi kidogo, lakini kijidudu hakikuonekana. Kila nikisikia "safi" nazidi kuogopa. Ningefurahi waniambie wameona kitu, hata kibaya, mradi kina jina.

Na yeye alizidi. Alianza kutafuna. Mdomo hauna kitu, lakini anatafuna, analamba midomo, anabenua mashavu kama anayeonja, mpaka ulimi ukatoka damu. Na vidole vyake, Dada. Kidole cha kwanza juu ya cha pili, vuta, pitisha, kaza. Mimi nilijua vinafanya nini kabla ya mtu yeyote. Mwanangu alikuwa anasuka. Hewani, macho wazi, hamtazami mtu, anasuka nywele ambazo hazipo.

Ndipo akaja daktari bingwa wa ubongo wa watoto. Mwanamke mfupi, viatu vyake vinalia kila akikanyaga, kwa hiyo unamsikia kabla hujamwona. Hakushika faili kwanza. Alisimama miguuni mwa kitanda akatazama ule mdomo na vile vidole kwa muda mrefu, mpaka nikaona vibaya, nikataka kumfunika mtoto. Kisha akavuta kiti akaketi nasi.

"Nianzieni mwanzo. Kilianza nini?"

"Degedege," baba yake akasema.

"Degedege wapi! Alianza kuacha kulala," nikasema.

"Hakulala sababu ya mafua."

"Mafua yalikuwa yameshakwisha, wewe ulikuwa kazini!"

Tukawa tunagombana pale pale, mbele ya mtoto asiyetusikia, kama watu wanaogombania kiti cha basi. Daktari akainua kiganja. "Baba, nivumilie. Mama, endelea. Mafua, halafu usingizi. Halafu?"

Nikamweleza yote: mwalimu aliyevaa sura, mkono usio wake, kicheko. Alinipangisha upya mara nyingi, kipi kabla ya kipi. Mwisho akashusha pumzi.

"Mwili una askari wake," akasema. "Kijidudu kikiingia, wanakifukuza. Mara chache sana, baada ya homa fulani, au bila sababu tunayoijua, askari hao hukosea adui ni nani. Wanaushambulia ubongo wa mwenye mwili. Tabia hubadilika kwanza, usingizi unapotea, halafu degedege, halafu mdomo na mikono kama hivi. Nadhani ndicho anachoumwa. Si kichaa, na hakuna aliyemfanyia kitu."

Mama mkwe alikuwa nyuma yetu. Akasema taratibu, "Yaani kikulacho ki nguoni mwako."

"Ndivyo hasa, bibi," daktari akajibu.

Walitaka kumwekea nyaya kichwani kupima umeme wa ubongo, na nywele zilikuwa zimesukwa, nilimsuka mwenyewe kwa ajili ya kufungua shule. Nesi alikuja na mkasi. Nikamwambia, "Sista, hii ni kazi yangu." Akaniachia. Nimefumua vichwa vingapi katika maisha yangu? Siku ile nilikuwa kama mwanafunzi. Vidole vyangu vinafumua, vyake vinasuka, na kila nikimgusa utosi naogopa, kwamba hapa chini ya ngozi hii ndipo wanapopigana.

Sasa sikiliza tulipofika, maana hapa ndipo nilipozeeka. Kipimo cha kuthibitisha, cha kutafuta kingamwili mbovu, yaani silaha za wale askari, kilibidi kipelekwe maabara ya mbali. Majibu yangechukua wiki kadhaa. Na dawa yenyewe, steroidi nyingi za kupitia mshipani, kazi yake ni kuwalaza wale askari. Kama daktari amekosea, kama kuna kijidudu kimejificha ambacho hawakukiona, basi tunamfungulia mwizi mlango na kumfunga mbwa.

"Tungoje majibu," baba yake akasema.

"Naelewa," daktari akasema. "Tumetafuta vijidudu kila tunapojua kutafuta, na zile dawa za kuviua hatutaziacha kwa sasa. Lakini majibu yana wiki kadhaa. Mtoto hana wiki kadhaa. Wanaoanzishiwa mapema ndio hupona zaidi. Siwezi kuwaahidi."

Mume wangu akatoka nje. Nilimfuata kwa macho kupitia kioo. Alikwenda kusimama korido, penye friji la dawa, akaliwekea sikio. Nesi akamwambia, "Baba, hilo siyo la kwako, usiliguse." Akasema, "Sigusi, nalisikiliza tu." Wakaachana hivyo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Kuna friji," akaniambia, "ukingoja lizime kabisa ndipo ulifungue, huna tena cha kutengeneza. Wampe."

Wakampa. Nilidhani dawa ikiingia tutaona mchana. Dada, ndipo kiza kilipozidi. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia kama mtu anayefukuzwa, halafu yanazama mpaka mashine inalia. Jasho likamtiririka kwenye kile chumba cha baridi. Halafu akaanza kusahau kupumua. Anapumua, anaacha, nesi anamgusa, anapumua. Mara ya mwisho aliguswa hakupumua. Tukatolewa nje, na kupitia kioo niliona migongo ya watu tu, na katikati yao mguu mmoja wa mwanangu. Waliposogea alikuwa na mpira kooni, mashine inampumulia.

Daktari alikuja na viatu vyake. Akasema haya yanajulikana katika ugonjwa huu, ubongo ndio unaoshika usukani wa moyo na pumzi. Akasema anataka pia kumpiga altrasaundi ya tumbo, kwa kuwa kwa wasichana mara nyingine kuna uvimbe kwenye vifuko vya mayai, na huo ndio unaowachokoza askari. Nikaomba usiwepo. Baadaye nikafikiri, ukiwepo utatolewa, yataisha, nikaomba uwepo. Haukuwepo. Sikujua nifurahi au nilie.

Wakaingia hatua nyingine. Wakamuunganisha kwenye mashine inayotoa damu, inachuja yale majimaji yenye kingamwili mbovu, inarudisha damu na majimaji safi. Kuiona damu ya mtoto wako ikizunguka nje ya mwili wake kwenye mpira ni jambo ambalo sitakuelezea, utaota. Walirudia, siku baada ya siku. Mama mkwe hakusema tena habari ya kuchezewa. Alileta kitambaa na maji ya vuguvugu, akawa anaosha miguu ya Kipusa, kidole kimoja kimoja, maana huko chini ndiko peke yake kulikokuwa hakuna waya. Hapo kabla tulikuwa hatupatani sana, unajua. Siku zile tulikuwa tunakula sahani moja, tukikumbuka kula.

Asubuhi moja nimeketi naye, nikaona vidole vimetulia. Vimelala juu ya shuka, vimenyooka, havifanyi kitu. Nilipiga yowe lililoamsha wodi yote. Nesi akaja mbio, akatazama mashine, kisha akanishika kidevu akanigeuza kwa nguvu. "Mama, tazama kifua! Tazama kifua!" Kilikuwa kinapanda na kushuka. Vidole vilikuwa vimetulia kwa sababu vimepumzika. Nimeogopa mambo mengi, lakini sijawahi kuogopa hivyo kwa habari njema.

Tangu hapo alirudi, lakini alirudi kwa kuchechemea. Mpira ukatolewa. Majibu ya maabara yakafika, daktari akatuita: kingamwili zile zile alizozishuku. Akafurahi kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Sisi tulikuwa tumeshasahau kwamba kuna majibu.

Halafu Kipusa akafumbua macho na kuniita "Sista."

Nikamwambia mimi si sista. Akanitazama kwa adabu, kama anavyomtazama mgeni. "Mama yangu anakuja saa ngapi?" akauliza. Sauti ilikuwa ya kukwaruza kwa ule mpira. Nilikuwa nimemshika mkono. Nikamjibu, "Anakuja, mwanangu, yuko njiani." Nikaenda korido, na safari hii mimi ndiye niliyeegemea lile friji.

Lilipita juma zima akiwa hivyo. Nilikuwa namlisha, namwogesha, namgeuza ubavu, na yeye ananishukuru, "Asante, Sista." Siku hali hiyo ilipokwisha, hakukuwa na shangwe. Alisema tu, "Mama, maji," bila kunitazama, kama alivyokuwa anasema siku zote. Mkono wangu ukamwaga nusu ya bilauri.

Sasa tuko nyumbani. Anatembea, ingawa kona humpa shida. Maneno mengine yamempotea, anayazunguka: kijiko alikiita "kile cha kuchimbia sukari," na baba yake amekataa katakata kumsahihisha. Shule bado. Kila mwezi tunarudi kuchomwa dawa ya kuzuia ugonjwa usirudi, kwa maana unaweza kurudi. Daktari ametuambia dalili za kuangalia: usingizi kupotea, tabia kugeuka ghafla, hasira isiyo na mwanzo. Dada, nipatie mtoto mmoja duniani asiye na hasira isiyo na mwanzo.

Jana mdogo wake alivaa sweta lake jekundu bila kuomba. Kipusa alimvua kwa nguvu, akamsukuma, akapiga kelele "nakuchukia," akaingia chumbani akaubamiza mlango mpaka saa ikaanguka ukutani. Mimi na baba yake tulisimama nje ya mlango hatupumui. Yeye ameweka sikio kwenye ubao, mimi nimeshika kifua. Tunasikiliza kama anacheka peke yake. Tunasikiliza kama anazungumza na watu.

Mlango ukafunguka. Akatukuta hivyo hivyo.

"Mnasikiliza nini?"

Nilimtazama macho, nikatazama midomo kama inatafuna, nikatazama vidole. Vilikuwa vimeshika sweta tu. Ndani yangu nilikuwa tayari nimeshafika hospitali. Baba yake akaninong'oneza, "Mgombeze."

"Siwezi."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kamsukuma mwenzake. Mgombeze, mama."

Basi nikamgombeza. Sauti inapanda na kukatika, nikamwambia katika nyumba hii hatusukumani, na mdogo wake aombwe radhi sasa hivi, na nisisikie tena mlango ukibamizwa. Akabetua mdomo, akaangua kilio, kile cha watoto, cha machozi na makamasi na "mnampenda yeye tu." Nikasimama nikamsikiliza mpaka mwisho. Sikujua kama ninachokisikia ni uzima au ni mwanzo mwingine. Bado sijui. Lakini nilimwacha alie, na sikumwita daktari.

Msalimie sana shemeji, na umwambie fundi mwenzake anamdai soga. Wasalimie watoto wote, na Mama Mdogo ukionana naye, na Mjomba Kimya, ambaye najua hatasema kitu ila mwambie hivyo hivyo. Mama mkwe anakusalimu, anasema ukija ulete mguu wa kukaa, sio wa kupita.

Mungu akulinde huko uliko, akulindie na wanao, ndani na nje ya ngozi zao. Utuombee.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, nikupendaye na ninayekungoja,

Mama Kipusa